Riwaya za likizo: Anza na karani wa Tanga

Kijana mwenzangu wa Soy, shule zimefungwa. Mahindi yametoka shambani, mengine yameanikwa kwenye turubai, na ukishayageuza juani siku bado inabaki ndefu. Bando la simu limeisha. Hapo lazima mmoja wenu aulize: jamani, nisome riwaya gani likizo hii? Na sio kitabu cha mtihani, bali kile cha kusoma tu kwa raha zako.

Mimi ninakupendekezea mtu ambaye pengine unamjua kwa jina pekee, na jina lenyewe ulilikuta kwenye swali la fasihi: Shaaban Robert. Najua unachowaza. Mzee wa kitambo, Kiswahili kigumu, mawaidha kibao. Ngoja kwanza. Kabla hatujafika kwenye vitabu, wacha nikusimulie maisha yake, manake ukishayajua utaweza kuchagua mwenyewe ni riwaya gani inayokufaa, bila kungoja mwalimu akuelekeze.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, upande wa Machui, nje kidogo ya mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alikulia pwani na akajihesabu Mswahili. Jina lake la pili huwachanganya wengi wakadhani alikuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, na zamani jina lake liliandikwa Shaaban bin Robert.

Alipozaliwa, Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alipokuwa na miaka 5, Vita vya Kwanza vya Dunia vikabisha hodi mlangoni kabisa. Novemba 1914, Waingereza walishusha wanajeshi Tanga, wengi wao wakiwa wametoka India. Walipigwa vibaya wakarudi melini. Lakini vita vilipokwisha, Mjerumani ndiye aliyefunga virago, na Mwingereza akaishika nchi. Kwa hiyo mtoto huyu, hata kabla ya kumaliza shule, alishaona serikali moja ikiondoka na nyingine ikiingia. Likumbuke hilo utakapokutana na wafalme na mawaziri wake vitabuni.

Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Alipata cheti chake, na hapo masomo ya darasani yakaishia. Hakuingia sekondari wala chuo kikuu. Ukitazama kwa vipimo vya leo, mwandishi anayeitwa baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa hakuwa hata na cheti cha kidato cha nne. Mengine yote alijifunza kwa kusoma mwenyewe.

Nalisema hili kwa sababu hapo Soy kuna vijana wanaosubiri matokeo ya KCSE huku tumbo likiwauma, na wengine walishayapata wakaamua kwamba mambo ya vitabu si yao tena. Gredi inaweza kukufungia mlango wa kozi fulani, hilo ni kweli, na sitakudanganya. Ila haiwezi kukufungia kitabu.

Karani wa kuhamishwahamishwa

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi yenyewe si ya kutungiwa hadithi: kuandika shehena, kuhesabu ushuru, kujaza daftari. Alihudumu katika vituo vya pwani, Pangani kikiwa kimojawapo, kwa miaka 18. Katika utawala wa kikoloni, karani Mwafrika angeweza kuijua ofisi nzima kuliko bosi wake Mzungu, lakini kiti cha bosi hakikuwa chake.

Alichofanya ni kuandika nje ya saa za kazi. Kulikuwa na gazeti la serikali la Kiswahili, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na wasomaji walipeleka mashairi yao humo. Shaaban Robert naye akapeleka yake. Hakuwa na mhariri wa kumfungulia njia wala tuzo mkononi. Alituma shairi kama kijana wa leo anavyoweka kazi yake mtandaoni kisha akasubiri kuona kama kuna atakayeisoma. Taratibu jina lake likaanza kutambulika kutoka pwani hadi bara.

Kisha nyumba yake ikapata msiba. Mkewe Amina alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1940. Shairi alilomtungia, lenye jina hilohilo la Amina, hadi leo linatajwa kati ya mashairi ya maombolezo yanayopendwa zaidi katika Kiswahili. Na kuna jambo lingine alilofanya ambalo wewe kama mtoto wa mtu utalielewa. Aliwaandikia watoto wake tenzi za mawaidha: Utenzi wa Hati kwa bintiye Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Mzazi aliyekuwa akihamishwa na kazi aliwaachia watoto maneno ambayo wangeweza kubeba popote.

Ukilijua hilo, ule wingi wa mawaidha unaowachosha wanafunzi unaeleweka. Tangu mwanzo alikuwa akimwandikia kijana fulani hasa, aliyempenda, na aliyeogopa kwamba huenda hatakuwepo kumwongoza.

Mwaka 1944 alihamishiwa idara ya wanyama huko Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Aliishi humo hadi 1946. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia safari zake na ubaguzi wa rangi aliokumbana nao njiani. Baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya utawala, na kuanzia 1952 katika ofisi ya upimaji ardhi hadi alipokaribia mwisho wa utumishi wake. Kwa hesabu ya haraka, aliitumikia serikali ya kikoloni zaidi ya miaka 30, na vitabu vyake vingi viliandikwa ndani ya miaka hiyo hiyo.

Alivyosema ukweli bila kufutwa kazi

Sasa jiulize swali la mtu mzima. Unakula mshahara wa serikali. Unaona watu wanafungwa bila haki, wenye akili wananyamazishwa, na mabwana wakubwa wanaogopa kila wazo jipya. Una watoto wa kulisha. Utafanyaje?

Shaaban Robert aliiondoa nchi ardhini akaiweka angani. Kusadikika, riwaya aliyoitoa mwaka 1951, ni nchi ya kuwazia inayoelea juu. Humo yumo kijana Karama, aliyeshtakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake? Alitaka watu wafundishwe uanasheria, ili wajue haki zao na waweze kujitetea. Karama anaposimama mbele ya mfalme, hajitetei kwa kulialia. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ili walete mambo mema kutoka nchi nyingine. Kila aliyerudi na wazo la kufaa taifa alitupwa gerezani. Siku baada ya siku ushahidi unajirundika, na msomaji anaanza kujiuliza ni nani hasa aliye kizimbani.

Kitabu ni chembamba. Ukikianza asubuhi baada ya kukamua ng'ombe, jioni huenda umekimaliza. Na ukikimaliza utashangaa kwamba kiliandikwa na karani wa serikali ileile ya kikoloni, miaka 3 kabla TANU haijazaliwa. Kama wewe ni wa kilabu cha mdahalo, kama unapenda hadithi za mahakamani, au kama umewahi kuona mtu akiadhibiwa kwa kutoa wazo zuri mahali pasipotakiwa, anza na hiki.

Mwaka uliofuata, 1952, alitoa Adili na Nduguze. Hiki ni cha wapenda visa vya ajabu. Adili ni mtawala mwema wa mji wa Janibu, lakini ana siri: kila usiku huwapiga viboko nyani wawili, huku moyo ukimuuma. Nyani hao walikuwa watu. Tena ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, na majina yao yanatosha kukueleza kilichowaponza. Yumo jini, umo mji uliogeuka mawe, na imo safari ya baharini ambamo ndugu wanamfanyia ndugu yao unyama. Ladha yake ni ya zile hadithi za Alfu Lela Ulela.

Ukiondoa majini, kinabaki kisa unachokijua vizuri. Nenda nyumba yoyote hapo Soy ambapo shamba la baba limegawanywa, halafu sikiliza ndugu wakizungumziana. Wivu wa ndugu hauhitaji jini kuukoleza. Kitabu hiki kinauliza swali gumu zaidi: aliyeumizwa akishapata nguvu ya kuadhibu, aendelee kuadhibu mpaka lini?

Vitabu vilivyochelewa

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwandishi aliyekuwa amewazia nchi yenye haki kwa miaka yote hiyo akaiona bendera ikipanda. Lakini Juni 1962, miezi 6 tu baadaye, alifariki akiwa na miaka 53, akazikwa kwao Machui.

Heshima hakukosa. Alipewa tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, Waingereza nao wakampa nishani ya MBE, na alikaa katika kamati za kukuza lugha ya Kiswahili. Leo Dar es Salaam kuna shule yenye jina lake. Ila vitabu vyake kadhaa vikubwa hakuviona vikitoka. Kufikirika, aliyoiandika miaka ya 1940, ilichapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, utungo mrefu ajabu kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata 1968.

Kufikirika inahusu mfalme aliyetamani mrithi, na mrithi alipopatikana, vita vikawa juu ya jinsi ya kumsomesha. Je, mtoto ajazwe maneno ya vitabuni tu, au pia acheze, atumie mikono na ajifunze maisha? Nafikiri wewe ambaye umekuwa ukisikia wazazi na walimu wakibishana kuhusu mtaala mpya utacheka mara kadhaa. Ubishi huo sio wa jana.

Siku ya Watenzi Wote yenyewe iko mjini, Dar es Salaam, na inauliza tajiri anawiwa nini na maskini. Hii ni ya mtu aliyeshazoea mwandishi huyu. Usianze nayo.

Utubora na ekari za Soy

Nimekuwekea Utubora Mkulima mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo riwaya ningependa kila kijana wa Uasin Gishu aisome kabla hajatimiza miaka 20.

Utubora ana kazi ya ofisini Unguja, mshahara mzuri, jina zuri. Kwa vipimo vya mtaa ameomoka. Kisha anaiacha kazi hiyo kwa hiari yake na kwenda kulima mahali paitwapo Busutamu. Hajafukuzwa na hajaugua. Ameamua tu kwamba maisha anayoyataka yako kwenye udongo. Watu wanaomjua wanashindwa kumwelewa.

Sasa weka jambo hilo kwenye steji ya Soy, asubuhi, matatu za Eldoret zikiita abiria. Vijana wangapi wanapanda wakiwa wameapa kutorudi shambani? Tunafundishwa tangu utotoni kwamba jembe ni la aliyefeli. Mtoto akileta alama mbaya anaambiwa ataishia kulima. Yaani tumeligeuza shamba kuwa adhabu, katika kaunti inayolisha nusu ya marafiki zetu wa mijini unga. Halafu tunashangaa ekari zinapouzwa moja moja.

Shaaban Robert alikuwa na haki ya kuliandika jambo hili. Aliijua ofisi kutoka ndani kwa zaidi ya miaka 30. Alijua mshahara unaleta nini nyumbani, na alijua pia unachukua nini. Alipomtoa mhusika wake ofisini na kumpeleka shambani, alikuwa akijaribu kwenye karatasi kitu ambacho yeye mwenyewe, mtumishi wa kuhamishwahamishwa, hakukifanya.

Usikubaliane naye kwa kila kitu, lakini. Kwenye Busutamu ya Utubora hutakuta bei ya mbolea inayopanda kila msimu, dalali anayekuja na gunia lililovimba, wala baba anayekataa kutaja mwanawe ataridhi kipande gani. Kijana anayeondoka Soy kwa sababu hana hata robo ekari ya kulima hajaidharau ardhi. Ndiyo maana nataka ukisome kitabu hiki huku ukibishana nacho. Kisome pamoja na mzazi ikiwezekana. Mjadala utakaozuka jikoni jioni hiyo huenda ukawa wa maana kuliko kitabu chenyewe.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, tutaje kasoro pia. Wahusika wa Shaaban Robert hubeba tabia zao kwenye majina, kwa hiyo Majivuno atakuwa na majivuno tu na Adili atakuwa mwadilifu hadi mwisho. Watu wake wema wakati mwingine ni wema kupita kiasi, huwezi kuwakuta hata kanisani wala msikitini. Sentensi zake zina mwendo wa taratibu. Ukizisoma kwa kasi ya kupitisha kidole kwenye simu, hutashika kitu. Soma kwa sauti kurasa 3 za kwanza. Weka kamusi karibu, lakini usiifungue kwa kila neno, la sivyo utachoka mapema. Zungushia neno kwa penseli, endelea, rudi baadaye. Ukifika ukurasa wa 20 sikio litakuwa limezoea.

Basi uanzie wapi?

Chagua kwa swali lililo moyoni mwako. Kama umeona uonevu na hujui uuseme vipi, chukua Kusadikika. Kama nyumbani kwenu kuna ndugu wasiosalimiana, chukua Adili na Nduguze. Kama shule imekuchosha na unataka kujua elimu ni ya nini hasa, ni Kufikirika. Kama hujui ubaki au uondoke, ni Utubora Mkulima.

Kama riwaya bado inakutisha, kuna milango miwili midogo. Wa kwanza ni Maisha Yangu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949, ambamo anajisimulia mwenyewe. Wa pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya yule mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyezaliwa katika ufukara, akauza vyungu, kisha mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Dada zangu mnaoimba kwaya na kurekodi kwa simu, hicho ni chenu. Shaaban Robert aliona kwamba maisha ya mwanamke maskini mwenye kipaji yalistahili kitabu, wakati ambapo wengi hawakuona hivyo.

Vitabu hivi havihitaji pesa nyingi. Uliza maktaba ya shule kabla hamjafunga, pita maktaba ya umma ukiwa Eldoret, au tafuta nakala zilizotumika kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu. Mkiwa watatu, kila mmoja anunue kimoja, kisha mbadilishane. Andika jina lako ndani ya jalada kwa kalamu, si unajua vile vitabu hupotelea kwa marafiki.

Na ukishamaliza Shaaban Robert, nenda moja kwa moja kwa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Mhusika wake mkuu, Msanifu Kombo, anatoka Tanga ileile kumtafuta babake, na safari yake inamfikisha hadi Kitale. Mtu akitoka Eldoret kwenda Kitale kwa barabara kuu hupita hapo kwenu Soy. Kwa hiyo ukiwa na kitabu cha yule karani mkononi huku ukisubiri matatu, usidhani Tanga ni mbali. Fungua ukurasa wa kwanza kabla gari halijajaa.